Ufunguo Chini ya Jiwe

Bukuru husoma kama treni ya mizigo
inayopita Uvinza usiku bila kusimama:
mabehewa yote yanakwenda, vumbi linakwenda,
madirisha ya nyumba za watu wa chumvi yanatetemeka,
kisha kimya.
Hakuna aliyepanda. Hakuna aliyeshuka.

Butoyi, pacha wake, ni treni ya abiria.
Anasimama Kandaga, anasimama Kazuramimba.
Kwenye mkato ananyoosha miguu,
kwenye nukta ananunua karanga,
anauliza bei, anauliza na hali ya watoto,
na neno refu likimziba njia
analisukuma silabi kwa silabi
kama baiskeli yenye gunia la chumvi
kwenye mchanga.

Mwezi wa nane alikuja mgeni kutoka wilayani
na saa ya kuhesabia sekunde.
Dakika moja kwa kila mtoto.
Bukuru: maneno themanini na mawili.
Butoyi: ishirini na tisa,
na moja kati ya hayo alilirudia, akacheka peke yake.
Mgeni akaandika kwa kalamu nyekundu: Hajui kusoma.
Nikatia sahihi chini yake.
Nalisema ili lijulikane: nilitia sahihi,
na fomu ikaondoka na basi la Jumatatu.

Alhamisi tukafungua ukurasa wa thelathini na nne.
Watoto arobaini na wanne, vitabu kumi na moja,
vichwa vinne vinne vimegusana juu ya karatasi.
Habari yenyewe fupi, haina picha;
picha aliikata mtu wa mwaka juzi.

    Mzee Gwimo alifunga mlango,
    akaweka ufunguo chini ya jiwe,
    akashika njia ya stesheni.
    Hakugeuka nyuma.

Nani alifunga mlango?
"Mzee Gwimo!"
Aliweka wapi ufunguo?
"Chini ya jiwe!" Darasa zima,
hata Zilaliye aliyekuwa amesinzia.
Maswali ya namna hiyo
ni kuokota karanga zilizokwisha kumwagika.

La tatu: Je, Mzee Gwimo atarudi?

Mtu alikohoa.
Bukuru aliupita ukurasa mara tatu, mbio,
mara tatu akatokea upande wa pili mikono mitupu.
"Haijaandikwa, mwalimu."
Kweli, haikuandikwa.
Nikachungulia kiongozi cha mwalimu,
kurasa za nyuma kabisa, kwenye herufi ndogo:
(3) Hatarudi, kwa sababu hakugeuka nyuma.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo.
Butoyi hakunyoosha mkono.
Kidole chake kilikuwa bado juu ya jiwe,
juu ya neno jiwe, nataka kusema,
kama anayetaka kulibingirisha aone.
"Atarudi," alisema.
"Umejuaje?"
"Asiyerudi hafichi ufunguo."
Akafikiri kidogo.
"Baba alipoondoka, wa kwetu alimpa mama mkononi."

Hakulia, msije mkadhani.
Alisema kama mtu anayetaja bei ya dagaa.
Mimi ndiye niliyegeukia ubao haraka,
nikaandika jibu lake kwa herufi kubwa,
chaki ikakatika kwenye hafichi.
Miaka kumi na minne nawauliza watoto
kitabu kinasema nini,
na sijawahi kuuliza
wanakisoma wakiwa wamesimama wapi.

Ndipo Bukuru, bila kuitwa, akainuka.
Akakivuta kitabu kutoka kwa wenzake watatu.
"Mzee Gwimo alifunga mlango,"
akasoma, na pale kwenye mkato,
kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu,
akapunguza mwendo.
Akasimama.
Tuliokuwa karibu tulimwona akiutazama ule mlango
muda mrefu,
kisha akashuka.